Hitilafu ya saa sita usiku: kuisaka, kuiandika na kuifuatilia mpaka tiketi ifungwe

Tuchukue programu ya simu ambayo kikundi cha VICOBA (kikundi cha wanajamii cha kuweka na kukopa) kinaitumia kuweka michango ya kila mwezi. Mwanachama analipa, anapata ujumbe wa uthibitisho, na mwisho wa mwezi mweka hazina anatoa ripoti. Siku moja mwanachama analalamika kwamba ametozwa faini ya kuchelewesha mchango wa Machi, ilhali risiti anayo na inasema alilipa tarehe 1. Mjaribu, yaani mtu wa kupima programu, anakaa mezani saa nne asubuhi, analipa mchango wa majaribio, anatoa ripoti: iko sawa. Anarudia: sawa tena. Akiandika "haijirudii" kwenye tiketi (maandishi ya kuripoti hitilafu moja na kuifuatilia) na kuendelea na mengine, mwezi ujao atatozwa faini mwanachama mwingine.

Chanzo chake ni cha kawaida kabisa. Seva nyingi huhifadhi muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na saa za Afrika Mashariki ziko saa 3 mbele yake. Malipo ya saa 6:40 usiku wa kuamkia Machi 1 yanaingia kwenye hifadhidata yakiwa na muda wa 21:40, Februari 28. Ripoti ikigawa siku kwa kufuata UTC, mchango huo unahesabiwa wa Februari. Februari inakuwa na michango miwili, Machi haina hata mmoja, na mfumo unatoza faini bila kumuuliza mtu. Tatizo lipo kwa saa 3 tu za kila siku, kuanzia saa sita usiku mpaka kabla ya saa tisa, na linauma pale tu siku inapovuka mwezi. Anayejaribu saa nne asubuhi hataiona hata akishinda hapo wiki nzima.

Tutautumia mfano huu mpaka mwisho, kwa sababu unaonyesha wazi kazi ya mjaribu ni ipi. Kusaka, kuandika na kufuatilia ni kazi tatu zinazojibu swali moja: mtu ambaye hakuwepo atawezaje kuiona hitilafu ikitokea tena mbele yake? Msanidi programu hawezi kurekebisha asichokiona, na akijaribu atarekebisha kitu kingine.

Mahali zinapojificha

Hitilafu hukaa mipakani. Kama mchango unaoruhusiwa ni kuanzia shilingi 1,000 hadi 500,000, kujaribu 20,000, 35,000 na 70,000 ni kupoteza muda, maana namba hizo zote zinapita njia ileile ndani ya programu. Jaribu 999, 1,000 na 1,001. Kisha 499,999, 500,000 na 500,001. Makosa mengi hapa yanatokana na alama moja: aliyeandika "zaidi ya" alikusudia "kuanzia". Baada ya hapo leta sifuri, namba hasi, sehemu tupu, na namna watu wanavyoandika fedha kwa kweli: "1,000", "1 000", "1000/=". Mpaka wa tarehe ni uleule: mwisho wa mwezi, Februari 29, Desemba 31, na kama tulivyoona, saa sita usiku.

Namba ya simu ni shamba jingine. Mtu ataanza na 07, mwingine na 06, mwingine 255, mwingine +255, na mwingine atanakili kutoka kwenye orodha ya majina ikiwa na nafasi katikati. Programu ikizipokea zote bila kuzifanya za namna moja, mwanachama mmoja atasajiliwa mara mbili na salio lake litagawanyika.

Kuna hitilafu moja ya SMS ambayo wajaribu wengi hawaikuti mpaka ankara ya ujumbe ifike. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160, mradi zote zimo katika orodha ya herufi za msingi za GSM, mfumo wa mitandao ya simu. Kiritone kilichonyooka, kile cha kwenye kibodi za kompyuta, kimo. Kilichopinda, ambacho programu za kuandikia nyaraka na baadhi ya simu hukiweka zenyewe, hakimo. Basi mwanachama anayeitwa Ng'wanza akisajiliwa kwa kiritone kilichopinda, kila ujumbe unaobeba jina lake unahamia mfumo mwingine wa herufi wenye nafasi 70 tu, na ukigawanywa vipande kila kipande kinabaki na 67. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu. Skrini haionyeshi kosa lolote na mteja anasoma ujumbe wake vizuri. Gharama tu ndiyo inayopanda. Jaribio lake ni dakika mbili: sajili jina moja kwa viritone vyote viwili, tuma ujumbe uleule, kisha linganisha idadi ya SMS kwenye ripoti ya mtoa huduma. Kiritone kilichonyooka nacho kina balaa lake: ni alama ya kufungia maandishi katika lugha ya hifadhidata, na programu iliyoandikwa kizembe itagoma mara tu Ng'wanza atakapoandika jina lake.

Mipaka mingine si ya namba, ni ya hali. Simu inaita katikati ya malipo. Mtu anageuza simu ubavu. Mtandao unakatika sekunde moja baada ya kubonyeza Tuma. Hili la mwisho lisikosekane kwenye programu yoyote ya fedha. Kama ombi limefika kwenye seva lakini jibu halikurudi, simu itasema "imeshindikana", mtumiaji atabonyeza tena, na mchango utakatwa mara mbili. Ili kuona hali hiyo, bonyeza Tuma kisha washa hali ya ndegeni papo hapo, subiri, rudisha mtandao, jaribu tena, halafu hesabu miamala kwenye hifadhidata, maana skrini haitakwambia ukweli. Dawa yake iko upande wa seva: kila nia ya kulipa ipewe namba yake ya kipekee, na seva ikiiona mara ya pili irudishe jibu la kwanza bila kukata tena.

Android nayo huua programu iliyo nyuma pale kumbukumbu inapojaa, jambo linalotokea sana kwenye simu za GB 2. Kama simu yako ya kazi ina GB 8 hutaliona. Fungua sehemu ya Kuhusu simu, gusa namba ya muundo (Build number) mara 7, na kwenye chaguo za wasanidi programu zitakazojitokeza washa ile ya kutohifadhi shughuli (Don't keep activities). Kuanzia hapo, kila ukitoka kwenye skrini na kurudi, simu inajifanya imeishiwa kumbukumbu, na fomu zinazopoteza ulichoandika zitajitaja zenyewe.

Kubana mpaka ibaki sababu moja

Ukishaiona hitilafu usikimbilie kuandika. Kwanza ifanye itokee tena, kisha anza kuondoa vitu kimoja kimoja. Je, inatokea kwa akaunti nyingine? Kwa simu nyingine? Kwa toleo la jana? Kwa Wi-Fi na kwa data? Badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha simu na akaunti kwa pamoja na hitilafu ikapotea, hujui ni kipi kilichoiondoa, na itabidi uanze upya.

Kwa ile ya michango, kidokezo kinachofungua mlango ni muda wa muamala wenyewe, na hapo pana mtego wetu wa nyumbani. Mwanachama anasema alilipa saa sita na dakika arobaini usiku. Simu yake inaonyesha 00:40. Kumbukumbu za seva zinaonyesha 21:40. Zote tatu ni sahihi. Siku nayo ina utata: kwa wanaohesabu siku kuanzia machweo, usiku huo ni wa Jumamosi; kwa wengine bado ni Ijumaa usiku. Usiandike kwenye tiketi "usiku wa Ijumaa". Andika tarehe na saa kwa mtindo wa saa 24, na utaje ni saa za wapi. Ukiweka muda wa simu na wa seva kando kwa kando, tofauti ya saa 3 kamili inajionyesha, na mtu yeyote aliyewahi kuumwa na UTC ataitambua mara moja.

Sasa itafute bila kukesha. Kubadilisha saa ya simu hakusaidii kama muda unatoka kwenye seva. Tena ukiisogeza tarehe mbali sana, simu itaona cheti cha usalama cha seva kimeisha muda na kukataa kuunganishwa, nawe utaishia kuripoti hitilafu uliyoitengeneza mwenyewe. Omba saa ya seva ya majaribio isogezwe, au miamala ya majaribio iingizwe kwenye hifadhidata ikiwa na saa unazotaka.

Hitilafu inayotokea mara moja moja huwa na sharti ambalo bado hujaliona, na mara nyingi sharti hilo ni mwendo. Mfano mzito kuliko yote ni wa mashine ya mionzi ya Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Mwaka 1986, katika kituo cha saratani cha Tyler, Texas, wagonjwa wawili walipigwa mionzi mikali kupita kiasi, wa kwanza Machi na wa pili Aprili, na skrini ikaonyesha tu "Malfunction 54". Baada ya tukio la kwanza wahandisi waliikagua mashine na hawakuweza kuirudisha hali ile. Baada ya la pili, mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, alikaa na mwendeshaji wa mashine wakarudia hatua zake tena na tena mpaka ikatokea. Siri ilikuwa kasi. Mwendeshaji mzoefu alikuwa akirekebisha maelezo ya tiba haraka, ndani ya zile sekunde 8 ambazo mashine ilizihitaji kupanga sumaku zake, na programu haikuyaona marekebisho hayo. Anayebonyeza polepole asingeipata kamwe. Kwa hiyo mtumiaji akisema "hutokea nikiwa na haraka", kaa naye umtazame anavyobonyeza. Hayo ni maelezo ya kiufundi tayari.

Kama kuna toleo la zamani ambalo halikuwa na tatizo, mpe msanidi programu matoleo mawili, zuri na baya. Kwa amri ya git bisect (git ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo) atagawa mabadiliko yaliyo katikati nusu kwa nusu. Mabadiliko 1,000 yanamalizika kwa majaribio kama 10, na lile lililoleta hitilafu linabaki peke yake.

Tiketi inayosomeka

Anza na kichwa, kwa sababu katika orodha ya tiketi 200 watu husoma kichwa tu. "Ripoti haifanyi kazi" hakimsaidii mtu. Kichwa kizuri kinasema ni wapi, nini kinatokea, na kwa sharti gani. Ya VICOBA ingesomeka hivi:

Kichwa: Ripoti ya mwezi: mchango uliolipwa kati ya 00:00 na 02:59 (saa za Dar es Salaam) unahesabiwa siku iliyotangulia

Mazingira: toleo 2.4.1, seva ya majaribio, Android 13. Imejaribiwa pia kwenye tovuti ya mweka hazina, matokeo ni yaleyale

Hali ya kuanzia: mwanachama wa majaribio M-07, hana mchango wowote wa Februari wala Machi 2025

Hatua:
1. Weka saa ya seva iwe 00:40, Machi 1, 2025, saa za Dar es Salaam.
2. Ingia kama M-07, lipa mchango wa 20,000.
3. Sogeza saa ya seva iwe 12:00, Machi 6, 2025, kisha ingia kama mweka hazina, fungua Ripoti, chagua Machi 2025.

Kilichotarajiwa: mchango wa 20,000 uonekane Machi 1

Kilichotokea: Machi haina kitu, mchango uko Februari 28, na M-07 ametozwa faini ya Machi

Mara ngapi: 5 kati ya 5. Kwa saa 03:00 haitokei, 0 kati ya 5

Viambatisho: picha ya risiti, picha ya ripoti, mistari ya kumbukumbu za seva ya muamala huo

Mstari unaodharauliwa sana ni hali ya kuanzia. Msanidi programu akianza na mwanachama ambaye tayari amelipa Machi, faini haitatokea, naye atajibu "kwangu inafanya kazi". Jibu hilo ni la kawaida kiasi kwamba Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu ulioanza kutumiwa na mradi wa Mozilla mwaka 1998, uliliweka kuwa sababu rasmi ya kufungia tiketi. Ule mstari wa saa 03:00 nao una kazi kubwa: kusema ni wapi haitokei kunapunguza eneo la kutafuta kuliko picha kumi.

Kilichotarajiwa nacho kinataka msingi. Andika umekitoa wapi: maelezo ya mradi, katiba ya kikundi inayosema faini huanza tarehe 6, au toleo lililopita. Ubishi mwingi kati ya wajaribu na wasanidi huzaliwa hapa, kila mmoja akiwa na programu yake kichwani.

Unachokisia kiweke mwisho na ukiite dhana: "Huenda ripoti inagawa siku kwa UTC." Kikichanganywa na ulichokiona, msomaji atashindwa kujua ni kipi cha kuamini. Na tiketi moja ibebe hitilafu moja. Ukiandika mbili pamoja, ya kwanza itarekebishwa, tiketi itafungwa, na ya pili itazikwa humo.

Kumbukumbu za simu zichukue mara tu tatizo linapotokea, kwa sababu Android inaziandika kwenye nafasi ndogo na mpya hufuta za zamani. Unganisha simu kwenye kompyuta yenye adb (zana ya Android ya kuongea na simu), andika adb logcat -d > logi.txt, basi. Kwa tovuti, bonyeza F12 kwenye Chrome, fungua kichupo cha mtandao, rudia hatua, kisha hifadhi faili la HAR, yaani rekodi ya mawasiliano kati ya kivinjari na seva. Tahadhari: faili hilo linaweza kubeba vidakuzi na tokeni za kuingilia, maana yake aliye nalo anaweza kuingia kwenye akaunti kama wewe. Safisha kabla ya kuambatisha, au tumia akaunti ya majaribio unayoweza kuifuta. Picha za skrini zenye namba za simu, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) au salio la mteja wa kweli zisiingie kwenye tiketi hata kidogo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na tiketi husomwa na watu wengi kuliko mwandishi wake anavyodhani.

Uzito, kipaumbele, na safari ya tiketi

Vitu viwili huchanganywa kila siku. Uzito ni kiasi cha madhara. Kipaumbele ni lini irekebishwe. Hesabu mbaya ya gawio la mwisho wa mwaka ni nzito sana, lakini ikigunduliwa Februari inaweza kungoja wiki mbili. Jina la kikundi lililokosewa kwenye risiti halimdhuru mtu, ila kama uzinduzi ni kesho linarekebishwa leo. Uzito aupendekeze mjaribu, kwa kuwa ndiye aliyeona kinachotokea. Kipaumbele akiamue mwenye bidhaa, anayejua ahadi alizotoa. Mjaribu anayeweka kila tiketi kuwa ya dharura atajikuta mwezi wa pili hasomwi tena.

Iwe ni Jira, Bugzilla, Redmine, MantisBT au jedwali tu la kikundi cha watu watatu, safari haitofautiani sana: mpya, imethibitishwa, imekabidhiwa mtu, imerekebishwa, imehakikiwa, imefungwa. Majina yatatofautiana. Cha kushikilia ni kwamba kila tiketi iliyo wazi iwe na mtu mmoja anayeishikilia, mwenye jina. Iliyokabidhiwa "timu" haijakabidhiwa mtu. Na anayesema imerekebishwa asiwe ndiye anayeihakiki.

Kabla ya kufungua tiketi mpya tafuta kwa maneno matatu au manne tofauti. Aliyetangulia huenda aliandika "tarehe" pale unapoandika "mwezi". Ukikuta mbili za jambo moja, bakiza yenye hatua bora hata kama ndiyo iliyokuja baadaye, na uiunganishe na ile nyingine. Usifute kitu: malalamiko matano yaliyounganishwa ni ushahidi wa kipaumbele. Kila wiki watu wachache wapitie tiketi mpya, nusu saa inatosha, na kila moja itoke na jibu: tunairekebisha, tunaiahirisha mpaka tarehe fulani, hatuirekebishi na sababu ni hii, au inahitaji maelezo zaidi kutoka kwa fulani. Jibu la "hatuirekebishi" lenye sababu ni la heshima kuliko miezi minane ya kimya.

Ikisemwa imerekebishwa

Kwanza hakikisha toleo ulilo nalo ndilo lenye marekebisho. Inasikitisha ni tiketi ngapi hufunguliwa tena kwa sababu mtu alijaribu toleo la jana. Rudia hatua zilezile za tiketi, halafu zunguka jirani zake: 23:59, 00:00, 02:59, 03:00.

Usiishie hapo. Njia ya mkato ya kurekebisha hitilafu hii ni kuongeza saa 3 kwenye kila muda unaosomwa. Kama kuna sehemu nyingine ya mfumo ambayo tayari inaongeza saa hizo, sasa zitaongezwa mara mbili, na miamala ya kuanzia 21:00 hadi 23:59 itarukia siku inayofuata. Hitilafu itakuwa imehama kutoka upande mmoja wa usiku kwenda mwingine, na mjaribu aliyehakiki 00:40 peke yake ataifunga tiketi kwa furaha. Jaribu pia 20:59 na 21:00. Mipaka hiyo yote sita iingizwe kwenye majaribio ya kiotomatiki yanayoendeshwa kabla ya kila toleo, ili atakayeigusa ripoti mwakani ajulishwe siku hiyohiyo.

Kisha uliza kuhusu data ya zamani. Ikiwa faini iliandikwa kwenye hifadhidata siku ilipotozwa, msimbo mpya hauifuti. Wanachama waliotozwa Machi wataendelea kuonekana wanadaiwa, na mweka hazina atasema, kwa haki, kwamba hakuna kilichorekebishwa. Hapo inahitajika tiketi ya pili, iliyounganishwa na ya kwanza: tafuta michango yote iliyolipwa kati ya 00:00 na 02:59 siku ya kwanza ya mwezi wowote, orodhesha faini zilizotozwa kwa sababu hiyo, zirudishe, na mweka hazina athibitishe orodha hiyo dhidi ya daftari lake la mkono kabla ya tiketi zote mbili kufungwa.